Uwanja utengenezwe, lakini waliong'olewa pale wahesabiwe



Juma lililopita nilikuwa hapa Bunia, mahali tunapochajishia simu. Vijana walikuwa wanatazama video ya uwanja mmoja wa Marekani. Ni uwanja wa timu ya Dodgers, mjini Los Angeles. Mchezo wenyewe ni besiboli, ule ambao mtu anarusha mpira mdogo na mwingine anaupiga kwa fimbo. Timu hiyo ilichukua ubingwa mwaka 2024, ikauchukua tena mwaka 2025, na ndiyo maana video zake zinazunguka mpaka huku kwetu.

Kijana mmoja akasema: "Angalieni, hawa watu wanajua kutengeneza uwanja. Mtazamaji anatembea kama yuko hotelini. Siku moja na sisi tupate uwanja kama huu." Wote wakakubali. Lakini mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Djugu, ambaye alikuwa anangojea simu yake ijae, akauliza: "Na mbele ya kujenga uwanja, ni nani alikuwa anakaa pale?"

Vijana wakacheka. Waliona ni swali la mtu asiyejua mupira. Mimi sikucheka, kwa sababu swali la mama lina jibu, na jibu lake ndilo ninaloandika leo.

Niseme wazi tangu mwanzo ili mtu asinisingizie. Sipingi viwanja kutengenezwa. Kutengeneza uwanja unaopendwa ili watazamaji wakae vizuri ni kazi njema. Ninachopinga ni matengenezo yanayofikiria kiti cha mtazamaji na kumsahau mtu aliyeng'olewa mahali penyewe kile kiti kilipowekwa. Hayo ni matengenezo nusu. Na sisi watu wa mashariki ya Kongo, tukiyaiga bila kuuliza, tutakuwa tumejichimbia shimo sisi wenyewe.

Kwanza tuwape haki yao

Uwanja wa Dodgers ulifunguliwa tarehe 10 mwezi wa 4, mwaka 1962. Unapokea watu 56,000. Katika viwanja vya ligi kubwa ya besiboli huko Marekani, ni wa tatu kwa uzee, nyuma ya Fenway Park wa Boston wa mwaka 1912 na Wrigley Field wa Chicago wa mwaka 1914. Kule, viwanja vingi vinabomolewa vikiwa bado na nguvu, halafu vinajengwa vipya kwa pesa nyingi, mara nyingine pesa ya kodi za raia. Wenye timu ya Dodgers walioinunua mwaka 2012 hawakufanya hivyo. Walichagua kuutengeneza ule ule ambao watu walikuwa wameuzoea na kuupenda.

Na walifanya kazi yenye akili. Kwanza wakapanua njia za kupitia na kutengeneza vyoo, umeme na vyumba vya wachezaji. Kisha ikaja kazi kubwa iliyoisha mwaka 2020, ambayo iligharimu karibu dola milioni 100. Mbele ya hapo, mtu aliyekata tiketi ya majukwaa ya nyuma, kule mbali ambako mpira unaangukia ukipigwa sana, alikuwa amefungiwa upande wake. Hakuweza kuzunguka na kufika kwenye viti vya wengine. Wakaweka madaraja na lifti. Sasa mtazamaji anaweza kuuzunguka uwanja mzima kwa miguu, awe na tiketi ya mbele au ya nyuma. Mzee anapanda kwa lifti. Mtu wa kiti cha magurudumu anapita. Nyuma ya uwanja wakafungua mahali pa kulia chakula, pa watoto kuchezea, na pale wakasimamisha sanamu ya Jackie Robinson, yule aliyekuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kubwa ya nyakati hizi, mwaka 1947, akiwa na Dodgers.

Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa Covid ukafunga milango, na msimu ukachezwa pale bila watazamaji. Lakini eneo la kuegesha magari halikulala. Watu walipimwa pale, na mwaka 2021 wakachanjwa pale kwa maelfu. Uwanja uliwafaa watu hata wakati ambapo hakuna mupira wa kutazama.

Sasa, kijana wa pale kwenye chaji ana haki anaposifu. Usibomoe kitu ambacho watu wanakipenda. Kitafute kinachowaumiza ndani yake, ukiondoe. Hilo ni somo zuri, hata kwa viwanja vyetu ambavyo mvua ikinyesha mtazamaji anarudi nyumbani na viatu mkononi.

Lakini turudi kwa mama.

Walikuwa wanakaa watu

Mahali pale panaitwa Chavez Ravine. Ni bonde na vilima karibu kabisa na katikati ya mji. Palikuwa na mitaa mitatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Wengi wa wakaaji walikuwa familia zenye asili ya Mexico. Katika mji ule, wakati ule, kulikuwa na sehemu nyingi ambako mtu wa asili yao hakuruhusiwa kununua nyumba. Basi walijenga pale. Walikuwa na kanisa, shule, bustani za mboga, kuku na mbuzi. Walikuwa maskini, ndiyo, lakini walikuwa kwao.

Mwaka 1950 barua ikaja. Serikali ya mji ikawaambia kwamba mahali pao pamechaguliwa pajengwe nyumba mpya za serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Waliambiwa wauze, watoke, na nyumba zikiisha kujengwa, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuchagua. Lilikuwa neno zuri. Wengi wakauza na kuondoka. Ilipofika mwaka 1953, zile familia zaidi ya elfu moja zilikuwa karibu zote zimetawanyika.

Sikilizeni kilichofuata, wandugu. Zile nyumba hazikujengwa kamwe.

Siasa iligeuka. Wapinzani wa mpango walianza kusema kwamba nyumba za serikali ni ukomunisti. Frank Wilkinson, mtumishi wa ofisi ya nyumba aliyekuwa anaupigania mpango ule, aliulizwa juu ya vyama na siasa yake, akakataa kujibu, akapoteza kazi. Mwaka 1953 mji ukamchagua meya mpya, Norris Poulson, aliyekuwa anaupinga mpango. Mpango ukafa. Ardhi ikarudi mikononi mwa mji, kwa sharti kwamba itumike kwa faida ya watu wote.

Mukiwa na mpango uliokufa na ardhi iliyo tupu, jambo la haki lingekuwa nini? Lingekuwa kuwaita wale watu na kuwaambia: "Tuliwaondoa kwa sababu ya nyumba, nyumba hazipo tena, rudini kwenu." Hakuna aliyewaita. Mwaka 1957 mji ukakubaliana na Walter O'Malley, mwenye timu ya Dodgers iliyokuwa Brooklyn kule New York, aje na timu yake na apewe ardhi ile ajenge uwanja. Mwaka 1958 raia wakapigiwa kura juu ya mkataba huo, na "ndiyo" ikapita kwa tofauti ndogo.

Familia chache zilikuwa bado zinakataa kutoka. Mwezi wa 5 mwaka 1959 askari wakaja. Mama mmoja, Aurora Vargas, alibebwa na askari kwa mikono na miguu, akatolewa nje ya nyumba ya wazazi wake huku wapiga picha wakipiga. Kisha tingatinga likaiangusha nyumba. Wazazi wake, familia ya Aréchiga, wakalala katika hema karibu na mabomoko. Walikuwa wanadai dola 17,500 kwa mali yao. Bei iliyowekwa na korti ilikuwa 10,050.

Na shule ya watoto ya Palo Verde ilifukiwa kwa udongo. Leo iko chini, na juu yake magari ya watazamaji yanaegeshwa.

Majibu yao, na majibu yangu

Najua mambo ambayo watetezi wanasema. Tuyachukue moja moja.

Wanasema: "Si timu iliyowafukuza. Ni serikali." Ni kweli kwa sehemu kubwa. Familia nyingi zilikuwa zimeshaondoka miaka kadhaa mbele ya O'Malley kufika. Lakini ukinunua mbuzi sokoni, ukaja kujua kwamba alikuwa wa jirani na alichukuliwa kwa uongo, utasema mimi sikuiba, niacheni nile? Aliyepewa kitu kilichopatikana kwa ahadi ya uongo hana kosa la yule aliyeahidi, lakini ana deni la ukweli. Na deni hilo halifutwi kwa kubadilisha viti.

Wanasema: "Walilipwa." Walilipwa, wengine bei ndogo, kwa masharti ya neno walilopewa: kwamba watarudi. Hilo neno lilikuwa sehemu ya bei. Lilipovunjwa, bei ikabaki nusu. Mama wa sokoni anaelewa hesabu hiyo bila kwenda shule.

Wanasema: "Ile familia ya hema ilikuwa na nyumba zingine." Hii ndiyo inaniuma zaidi. Siku chache baada ya picha za Aurora Vargas kuwagusa watu, magazeti yaliandika kwamba familia yake ina nyumba zingine mjini, na huruma ikaisha mara moja. Wandugu wa kambini, haya munayajua. Leo unaonewa huruma, kesho mtu anasema: "Huyu si deplase wa kweli, ana kaka mjini, ana shamba kule." Kana kwamba mtu anapaswa kuwa hana kitu kabisa ndipo awe na haki juu ya kitu chake. Mwenye nyumba mbili akiibiwa moja, ameibiwa. Hakuna sheria inayosema wizi si wizi kama aliyeibiwa amebakiwa na sahani.

Wanasema tena: "Lakini watu wa asili ya Mexico wenyewe ndio wanaoujaza ule uwanja leo." Na hii pia ni kweli. Mwaka 1981 alitokea kijana kutoka kijiji cha Mexico, Fernando Valenzuela, mrushaji wa mkono wa kushoto. Alirusha mpira hivi kwamba mji mzima ulisimama. Watu ambao walikuwa hawaingii pale wakaanza kuingia, na wakaleta watoto wao. Jezi yake, namba 34, iliheshimiwa na timu mwaka 2023 ili asivae mchezaji mwingine. Mimi siwezi kumdharau mtu anayeupenda uwanja ambao babu yake alifukuzwa kwa ajili yake. Mapenzi ni mapenzi. Sisi wenyewe tunapenda miji iliyotupokea na kutuumiza kwa wakati mmoja. Lakini upendo si risiti. Mtu akikupenda baada ya kumkosea, hiyo haimaanishi umemlipa. Inamaanisha tu kwamba ana moyo mkubwa kuliko wako.

La mwisho wanasema: "Hayo ni ya zamani, yaacheni." Wale walioondolewa hawakuyaacha. Walijipa jina la Kihispania, Los Desterrados, yaani waliong'olewa katika ardhi yao, wakawa wanakutana kila mwaka katika bustani kubwa iliyo jirani na uwanja, wanakula pamoja na kukumbushana nani alikaa wapi. Mwaka 2024, zaidi ya miaka 60 baadaye, mbunge Wendy Carrillo alipeleka muswada katika bunge la jimbo la California ili jambo lao lichunguzwe, fidia ifikiriwe na ukumbusho wa kudumu ujengwe. Bunge likaupitisha. Gavana Gavin Newsom akakataa kuutia sahihi.

Basi tuweke mambo mawili mezani, kila mtu aamue mwenyewe. Mwaka 2020 ilionekana pesa ya lifti, madaraja na mahali pa kulia: karibu dola milioni 100. Mwaka 2024 watu waliong'olewa pale walikuwa bado wanaomba wachunguziwe habari yao. Nani anaweza kuniambia kwamba tatizo lilikuwa pesa?

Kwa nini tuzungumze habari hii huku

Mtu ataniuliza: unawaletea watu wa kambi habari za Los Angeles, zinawasaidia nini?

Zinasaidia kwa sababu barua ya 1950 inafanana sana na maneno tunayoyasikia. "Tokeni kidogo, mutarudi." "Nendeni, tutatengeneza, nyinyi mutakuwa wa kwanza." Aliyewaambia hivyo watu wa Palo Verde pengine hata hakuwa mwongo. Wilkinson aliuamini mpango wake mpaka akapoteza mkate wake. Lakini ahadi ya mtu mwema inakufa siku anapoondolewa ofisini, kama haikuandikwa mahali penye nguvu. Yule anayekuja nyuma yake atakuta ardhi tupu, hatakuta watu. Na ardhi tupu karibu na mji haikosi mtu wa kuitaka.

Angalieni pia kwamba pale hapakuwa na vita. Hakuna aliyechoma nyumba usiku. Kulikuwa na barua, korti, kura na karatasi zenye mihuri. Na bado watu walipoteza. Sasa sisi tuliotoka kwetu tukikimbia risasi, bila karatasi, bila hata sufuria, tunafikiri ardhi zetu zinatungojea zenyewe?

Ndiyo sababu ninawaomba wakubwa wa mji, na wafadhili wanaokuja na michoro mizuri ya viwanja, masoko na barabara, wajibu maswali matatu mbele ya kuanza kazi. Nani anakaa hapa, au alikaa hapa mbele ya kukimbia? Aliambiwa nini, na nani, na imeandikwa wapi? Na mpango ukibadilika, yeye atarudishiwa nini? Kama majibu hayapo, tingatinga lingoje. Mupira tunaweza kuucheza hata kwenye vumbi mwaka mmoja zaidi. Mtu aliyepoteza kwao hasubiri mwaka mmoja. Anasubiri miaka 60, na hata hapo wanamkatalia sahihi.

Na nyinyi wandugu wakimbizi wa ndani, nina ombi kwenu pia. Munapokaa jioni, andikeni. Tafuteni kijana mwenye daftari. Andikeni jina la kijiji, jina la shefu, nani alikuwa jirani wa upande wa juu na nani wa upande wa chini, mto ulipita wapi, mti gani ulikuwa mpaka, shule ilikuwa wapi, kanisa au msikiti ulikuwa wapi, kaburi la babu liko wapi. Kama una karatasi ya kiwanja, ipige picha na umpelekee ndugu aliye mbali, ili simu ikipotea isipotee na karatasi. Kama hukuwahi kuwa na karatasi, jirani watatu wanaosema neno moja ni mwanzo wa karatasi. Los Desterrados hawakupata nyumba zao, lakini leo hakuna mtu huko Los Angeles anayeweza kusema kwamba palikuwa pori. Wao wenyewe ndio waliokataa jambo hilo lisahauliwe, kwa kukutana na kutaja majina.

Nirudi kwa kijana wetu. Ndugu yangu mdogo, endelea kuota uwanja. Mimi pia nauota: majukwaa yenye paa, vyoo safi vya wamama, njia ya mzee na ya mtu mwenye fimbo, maji ya kunywa, taa usiku. Tena uwanja wa kweli, ambao siku ya shida unaweza kupokea watu, kama ule wa Los Angeles ulivyowapokea waliokuja kupimwa na kuchanjwa. Lakini siku tutakapoujenga, yule mama uliyemcheka awe na kiti pale. Na akikaa, asiwe amekaa juu ya nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa.

Simu yake ilipojaa aliichukua, akalipa franka zake, akaondoka bila kungojea jibu. Natumaini mtu atamsomea hili.